Reli ya Mezani

Nchi yenyewe msiulize ni ipi. Ukilitaja jina lake barabarani, watu watatu watageuka, na mmoja wao atakuwa kazini. Tuseme tu ilikuwa nchi yenye bendera, wimbo wa taifa na Wizara ya Reli. Wizara ilikuwa na Mkurugenzi wa Mabehewa, Mkurugenzi wa Vichwa vya Treni, Kaimu Mkurugenzi wa Filimbi, na mzee mmoja wa heshima aliyelipwa kwa kuketi kwenye chumba cha kusubiria. Reli haikuwepo. Hilo halikuhesabiwa kuwa kasoro, kwa sababu ajali za treni nazo hazikuwepo, na kila mwaka Waziri alisimama bungeni kutangaza kwamba nchi imeongoza tena duniani kwa usalama wa abiria, na waheshimiwa wakagonga meza mpaka maji yakamwagika.

Ikatokea wageni wa maendeleo, wale waliowahi kutoa fedha za hiyo reli, wakaleta salamu kwamba wangependa kuja kuiona. Hawakusema kwa ubaya. Walikuwa na hamu tu. Wizara ikakaa kikao kutwa nzima, chai ikanywewa, maandazi yakaisha, watu wakaanza kutazamana. Ndipo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Bartazari Nyangasa, akasimama na kutoa neno lililowainua watu vitini.

"Wageni wamesema wanataka kuiona," alisema. "Hawakusema wanataka kuipanda."

Basi ikaamuliwa ijengwe reli ndogo ya mfano, juu ya meza, katikati ya ukumbi wa wizara. Nchi nzima itandazwe pale na milima yake, mito yake, miji yake, na treni ipite katikati ikikonyeza taa.

Bajeti ilipitishwa nene, ina mashavu. Tatizo ni kwamba katika nchi ile bajeti ndiyo treni pekee iliyowahi kusafiri. Ilitoka Hazina, ikasimama kila kituo, na kila kituo ikashusha mzigo. Ilisimama kwa Katibu. Ilisimama kwa Kamati ya Kuchagua Meza. Ilisimama kirefu sana ng'ambo, kwa Mkurugenzi wa Mandhari, Bwana Teofili Magubiko, aliyekwenda na mkewe kwenye nchi za baridi kujifunza namna treni ndogo zinavyochezewa. Alirudi na treni nzuri ajabu, yenye madirisha ya kweli na taa mbele; kifaa cha kuiendeshea kwa umeme alikisahau hotelini. Bajeti ilipofika kwenye milima na miti ilikuwa behewa tupu linalogongagonga.

Ndipo akatafutwa Bi Chausiku.

*

Bi Chausiku wa mtaa wa Pakacha alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi. Mpe banda la kuku, mashuka mawili na taa za rangi, atakupa kasri, na kuku wenyewe wataona haya kulala mle. Kwake hapakosi watu. Apitaye huitwa, aitwaye hukalishwa, akalishwaye hupewa kitu mkononi, mchele wa kuchambua au utepe wa kushona, na habari za mtaa humpitia kila mmoja, kila mmoja akitia chumvi kidogo, mpaka ikitokea mlango wa uani imeshakolea.

Mkurugenzi Magubiko alimkuta barazani na kundi lake.

"Mama," alisema bila kukaa, "taifa linakuita."

"Taifa likinikumbuka mimi, ujue limeishiwa," alisema Bi Chausiku. "Kaa, baba. Mpeni chai."

Mkurugenzi akakaa, akapewa chai, akapewa na bagia za Mama Bagia wa nyumba ya pili. Alieleza anachotaka: milima, misitu, ziwa moja, miji na vijiji vyote, kwa viwango vya kimataifa.

"Na hela ya vifaa?"

Mkurugenzi aliitazama bagia yake kama vile jibu limeangukia humo. "Bajeti yetu ni ya kizalendo."

"Yaani hakuna."

"Ipo moyoni, mama."

Mwajabu, jirani yake Bi Chausiku na mwenzake wa kazi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiokauka, alicheka mpaka akaumwaga mchele aliokuwa akiuchambua. "Moyoni! Kesho tukawaambie wauza rangi watupimie za moyoni!"

Lakini Bi Chausiku alikuwa na udhaifu mmoja: neno wageni. Aliwafikiria watu wanatoka kwao, wanapanda ndege, wanafika na kukuta meza uchi. "Shughuli ni shughuli," alisema. "Mgeni akiikuta meza haijapambwa, aibu haiwi ya Waziri. Inakuwa ya mji. Fungeni hizo bagia mumpe na za njiani."

*

Kazi ikaanza, na Pakacha nzima ikaingia ndani yake. Madodoki ya kuogea yalikatwakatwa, yakachovywa kwenye rangi ya kijani ya mikeka, yakawa miti. Kwa wiki kadhaa mtaa ukaoga kwa viganja. Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala likawa nyasi. Makaa yakawa majabali. Kioo cha kabati la Bi Chausiku kikalazwa, kikawa ziwa, na yeye akawa anafunga kilemba kwa kukisia. Milima ilijengwa kwa magazeti ya serikali yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo. Yalikuwa yale yale yaliyotangaza, mwaka baada ya mwaka, kwamba reli i mbioni kukamilika, na hiyo ikawa mara ya kwanza habari hizo kubeba kitu.

Kuhusu treni kukosa umeme, Bi Chausiku aliifunga uzi mwembamba wa cherehani. Meza ilivishwa satini mpaka sakafuni, na chini yake akawekwa Mwajabu, na mto wa kukalia, chupa ya chai, na kazi ya kuvuta taratibu. Mkurugenzi Magubiko aliusifu sana mpango huo, akauita Mfumo wa Ndani.

Nyumba zote zilikuwa maboksi ya viberiti yenye paa za karatasi ya sigara, isipokuwa moja. Mheshimiwa Nyangasa alikuwa amejenga juu ya Kilima cha Nyota, na aliposikia habari za viberiti alituma dereva na boksi la viatu vyake mwenyewe, na salamu kwamba nyumba yake isipungue hapo. Ikawekwa. Ikawa ndefu kuliko kilima kilichoibeba, na treni ikipita pale ilionekana kama inaomba njia.

Sasa, Bi Chausiku alikuwa na kanuni aliyoirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, na Pakacha yote inaishi nayo: kwenye shughuli mgeni hupakuliwa kwanza, mwenye shughuli hula mwisho. Sufuria likiisha kabla hajafikiwa, hunywa maji, hufuta mdomo, husema ameshiba. Na viberiti alivipakua hivyo hivyo. Alianza na Ikulu. Akaenda wizarani, sokoni, msikitini na kanisani, mji wa migodi, miji ya mpakani, vijiji vya ng'ambo ya mto ambavyo hata posta imevisahau. Alipofika Pakacha, sufuria liliisha. Hapakuwa na kiberiti kimoja mtaani. Watu walikuwa wakiombana moto kwa koleo.

"Umetuacha sisi," alisema Mwajabu, akichungulia.

"Sisi si tunajijua tulipo," alisema Bi Chausiku, akacheka. Ila mpambaji haachi pengo wazi. Alichukua madodoki yaliyobaki na vumbi la mwisho, akapaziba pale palipostahili kuwa Pakacha. Na kwa kuwa alipafanya bila haraka wala matarajio, pakawa msitu mzuri kuliko yote mezani.

*

Siku ya mazoezi ya uzinduzi, wapambaji waliambiwa wasionekane, ila Mfumo wa Ndani ulibaki ndani. Jioni Mwajabu alirejea na utando wa buibui nyusini. Baraza la Bi Chausiku lilikuwa limejaa. Akapewa chai, akaikataa, na hapo watu wote wakajua pana jambo, maana Mwajabu hajawahi kukataa chai hata msibani.

"Jamani, mimi niko chini ya meza yangu, navuta treni yangu, sina neno na mtu. Mara naona viatu. Cheusi kinang'aa, hicho cha Waziri. Cha kahawia kimepinda kisigino, hicho cha Magubiko. Cheusi kikaja kikasimama upande wetu. Nasikia, 'Magubiko, msitu huu ni upi? Mbona sijawahi kuuona?' Kahawia kikaanza kutetemeka. 'Ni Hifadhi Teule ya Taifa, Mheshimiwa.' 'Una hakika ipo?' 'Ipo mezani, Mheshimiwa.'"

"Msitu gani huo?" aliuliza Bi Chausiku.

"Madodoki yako, shoga. Sisi sasa ni hifadhi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kitwana, fundi cherehani wa nyumba ya mkabala, akauliza kama twiga wataletwa na serikali au kila mtu ajitafutie wake.

"Chekeni, chekeni," alisema Mwajabu. "Sijamaliza. Waziri akasema wageni wakishaiona meza watapakiwa kwenye magari, wazungushwe mjini, na watalinganisha. 'Magubiko, nchi lazima ifanane na meza.' Masikini Magubiko akasema, 'Lakini Mheshimiwa, meza ina reli.' Mnajua alichojibiwa? 'Kuongeza kilichomo mezani ni gharama. Kuondoa kisichokuwemo ni mafuta ya tingatinga tu.'"

Hapo hakucheka mtu.

"Jumamosi Mkuu wa Nchi akishakata utepe, kilichomo kimo. Kisichokuwemo kimepewa jina, kinaitwa uchafu wa macho. Tingatinga limeshakodiwa, liko nyuma ya wizara. Na Waziri ameapa pale pale mbele ya wakurugenzi, eti kazi isiingiliwe na vigogo. 'Hata mimi mwenyewe nikija kulia mbele yake, dereva asizime injini.' Wakampigia makofi, mimi huku chini masikio yakaziba."

Bi Chausiku alilitazama baraza lake. Mzee Kitwana na cherehani yake iliyomsomeshea watoto. Mama Bagia na karai lake. Bibi kizee wa nyumba ya pembeni ambaye hakuwa na mtu duniani ila mtaa. Wote hawa aliwapakulia mwisho, na sasa hawakuwa nchini.

"Nimewaangusha," alisema.

"Hatujaanguka bado," alisema Mwajabu, akiichukua ile chai aliyoikataa. "Utepe ni Jumamosi."

*

Asubuhi yake Bi Chausiku alikuwa ofisini kwa Mkurugenzi Magubiko.

"Sijaja kwa kikubwa, baba. Kuna mtaa niliusahau. Naomba niuweke, dakika moja tu."

"Mtaa gani?"

"Pakacha."

Mkurugenzi alimwongoza mpaka ukumbini, akavaa miwani, akainama juu ya meza, akazunguka pande zote kwa uangalifu mkubwa. "Pakacha haupo," alisema.

"Haupo kwa sababu sikuuweka."

"Mama, wewe ni mkandarasi wa mapambo, si mtu wa jiografia. Haupo kwa sababu haupo."

"Bwana Magubiko, ulikuja kwangu. Ulikaa barazani. Ulikunywa chai, ukala bagia, ukafungiwa na nyingine."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. "Bagia nazikumbuka," alikiri. "Zilikuwa na pilipili ya kutosha. Lakini kwa mujibu wa meza nilizila msituni. Na kwa vile umelitaja wewe mwenyewe, mama, unajua adhabu ya kukaanga ndani ya hifadhi?"

"Basi bwana mkubwa, badilisheni huo msitu."

"Mabadiliko ya mandhari hupitia Kamati ya Mandhari."

"Iko wapi hiyo kamati?"

"Haijaundwa. Kisheria inaundwa siku treni ya kwanza itakapowasili."

Bi Chausiku alivuta pumzi. Alikuwa ameshapambana na mama wakwe wa kila namna, na alijua kuwa mlango wa mbele ukifungwa huupigi teke. Unazunguka uani kuuliza kama sufuria zimeoshwa.

"Na vumbi?" aliuliza.

"Vumbi lipi?"

"Hili la mbao. Limetimka lote. Mkuu akiinama hapa, chafya itamtoka juu ya taifa lake."

Rangi ilimtoka Mkurugenzi. Mkuu aliwahi kupiga chafya kwenye uzinduzi wa daraja, na mhandisi wa daraja lile sasa anafundisha kuogelea jangwani.

"Usafi ruhusa," alisema haraka. "Usafi si mabadiliko. Njoni Ijumaa mchana."

*

Ijumaa mchana wizara huwa tupu. Wanaoswali huenda kuswali, wasioswali huwasindikiza wanaoswali, na wote kwa pamoja hawarudi. Wanawake wa Pakacha waliingia na mifagio, ndoo, sufuria la pilau na Mzee Kitwana. Mlinzi alipewa sahani yake. Akala, akageukia ukutani kwa hiari yake.

Walianza kung'oa madodoki. Chini yake ubao ulikuwa mweupe, mtupu, na wote waliuinamia kama watu wanaotazama mahali palipolala mgonjwa.

"Haya, nyumba," alisema Mama Bagia.

Nyumba hazikuwepo. Viberiti vilikuwa vimeadimika mji mzima, na waliosababisha ni wao.

"Tung'oe huku mji wa migodi," alisema Mwajabu. "Zimejazana, hazitajulikana."

"Thubutu!" Bi Chausiku alimshika mkono. "Nikitoa nyumba pale, tingatinga litakwenda pale. Pana watu na watoto wao. Tukipona kwa kuwabomolea wenzetu tutakuwa tumepona nini?"

Wakaanza kutazama huku na kule, na kidogo kidogo, bila mtu kusema, macho ya wote yakapanda Kilima cha Nyota na kutua juu ya boksi la viatu.

"Ana nyumba nyingine," alisema Mama Bagia, kama anayezungumza na sufuria.

"Mbili," alisema mwanamke aliyewahi kumfulia.

"Tatu, na ile iliyo kwa jina la shemeji."

"Lakini mkewe..." Bi Chausiku alisita. "Harusi yake nimepamba mimi. Alilia kwa furaha begani kwangu."

"Harusi ya ngapi ya Waziri hiyo?" aliuliza Mwajabu.

Bi Chausiku akaomba mkasi.

Kadibodi ilikuwa nzuri, ngumu, ya viatu vya kigeni. Nyumba moja ya Waziri ilitoa mtaa mzima wa Pakacha, na kikabaki kipande cha choo. Kila mtu alijijengea ya kwake, na hapo ukumbi ukawa kama siku ya mkesha wa harusi.

"Mama Bagia, hilo dirisha la pili umelitoa wapi?"

"Nimelipata leo."

"Mwajabu! Mbona nyumba yako umeipeleka kule mwisho?"

"Nimeisogeza mbali kidogo na mama mkwe. Meza ndiyo nchi, au siyo?"

Mzee Kitwana alijikunjia baraza dogo la kuweka cherehani, akalipuliza gundi kwa pumzi kama anayepoza uji wa mtoto. Na ile miti ya madodoki, kwa kuwa ilishaitwa Hifadhi Teule ya Taifa mbele ya Waziri, kuitupa kungekuwa utovu wa nidhamu. Bi Chausiku aliipanda yote Kilima cha Nyota, kileleni hadi kitakoni, akafuta vumbi, akaondoka.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Mkuu wa Nchi alikaa mbele, wageni wa maendeleo kandokando yake wakiwa na miwani na vitabasamu, wakurugenzi nyuma kwa mpangilio wa matumbo. Bi Chausiku alisimama ukutani na chetezo cha udi mkononi, akijifanya sehemu ya mapambo.

Mheshimiwa Nyangasa alihutubia. "Leo taifa limefika," alisema. "Halijaondoka popote, lakini limefika! Wapo waliosema reli hii ni ndogo. Nawauliza, mbegu ni kubwa? Wapo waliosema haibebi watu. Nawauliza, bendera hubeba nani? Meza hii mnayoiona ndiyo nchi, na nchi ndiyo meza hii. Kila mti uliopo hapa nimeusimamia mimi mwenyewe, kwa macho haya!"

Mkuu akakata utepe. Nyuma ya wizara injini ya tingatinga ikasikika ikinguruma, kwa kuwa dereva alikuwa mtu wa kufuata saa. Treni ikaondoka. Ilipofika kwenye handaki ilikwama, uzi ulijisokota. Mkurugenzi Magubiko akawaeleza wageni kwamba imesimama kuwapa abiria nafasi ya kwenda haja, nao wakavutiwa sana. Kisha ikaendelea, na watu wakapiga makofi, na Waziri akageuka kuionea fahari nyumba yake.

Macho yake yalipanda Kilima cha Nyota. Yakashuka. Yakapanda tena, kama ya mtu anayepapasa mfukoni akitafuta funguo.

"Nyangasa," aliita Mkuu, aliyekuwa ameshainama juu ya meza.

"Naam, Mheshimiwa Mkuu."

"Msitu huu wa kilimani umenifurahisha. Mzee kama mimi anahitaji kuona miti. Na wewe mwenyewe unakaa wapi hapa?"

Ukumbi ukatulia mpaka ikasikika satini ikisuguana na goti la Mwajabu. Kama Waziri atasema nyumba yake imeondolewa, meza itaitwa kosa, na mafundi wa kosa hilo wanajulikana mtaa wao. Lakini kusema meza ni kosa ni kusema Mkuu amekata utepe wa kosa, na mtu wa mwisho kusema jambo kama hilo sasa alikuwa balozi kwenye kisiwa cha ndege.

Kidole cha Waziri kikainuka. Kilizunguka juu ya ziwa, kikapita Ikulu kwa heshima, kikapita mji wa migodi. Kila mahali palikuwa na mwenyewe anayejulikana. Kikashuka polepole, kikatua juu ya paa dogo lililokuwa bado na unyevu wa gundi.

"Hapa, Mheshimiwa Mkuu. Pakacha."

Lilikuwa paa la Bi Chausiku.

"Hapa?" Mkuu aliinama zaidi. "Kwenye kijumba hiki?"

"Mimi ni mtu wa watu, Mheshimiwa Mkuu."

Mkuu akatoa leso, akajifuta jicho moja. Akawageukia wageni. "Mnasikia? Waziri wangu anakaa bondeni na wananchi, na kilima amewaachia miti!" Wageni wakasimama kupiga makofi, mmoja akapiga picha. "Jumapili ijayo nitakuja kwako Pakacha kunywa chai, Nyangasa. Mwambie mama asisahau tangawizi."

Huko nje tingatinga lilitoka, likafika njia panda, na kwa kuwa meza ilionyesha msitu mtupu kilimani na nyumba tele bondeni, likapanda kilimani. Waziri alilikimbilia kwa gari, akafika, akalia mbele yake kweli kweli. Dereva alimsikiliza kwa adabu zote, akamkumbusha agizo lake, akamwomba asogee kidogo upande wa kushoto.

*

Kabla jua halijatua, gari la mizigo liliingia Pakacha likiwa na sofa, jokofu, picha kubwa ya Mheshimiwa Nyangasa, na Mheshimiwa mwenyewe. Mke alikuwa ameshakwenda kwa shemeji. Yeye hangeweza, kwa sababu Mkuu alishasema atakuja Pakacha, na Mkuu akishasema, mtu hukutwa.

"Hodi," alisema mlangoni kwa Bi Chausiku, kwa sauti ambayo bungeni haijawahi kusikika.

"Karibu, baba. Sofa haitapita hapo, iache nje, watoto watacheza. Utalala chumba cha mapambo. Ukiamka na maua ya plastiki usoni usiogope."

Baraza lote lilikuwapo, limejaa kuliko siku zote, na hakuna aliyemcheka mbele yake. Walimpisha, wakampa chai, wakampa na mchele wa kuchambua. Alikuwa akiyaacha mawe, akitupa mchele, na Mwajabu akamshika mkono, akamwonyesha.

Kulipokucha Waziri alitoka uani na taulo begani na mswaki mdomoni, akakuta foleni ya bafu imezunguka mpaka bombani. Alifanya kama alivyozoea. Akaipita yote, akaushika mlango.

"Wewe baba, rudi nyuma," alisema Mama Bagia, ndoo mkononi.

"Mama, mimi ni Waziri."

"Waziri wa nini?"

"Wa Reli."

Maji mle bafuni yakakoma kumwagika. Kisha sauti ya Mzee Kitwana ikatoka ndani, taratibu, ya mtu mwenye povu machoni na asiye na haraka ya popote:

"Reli? Basi subiri, mwanangu. Mimi nilianza kukusubiri nikiwa na meno yote."